Fundi wa Rugenge na kompyuta iliyosinzia hewani

Saa mbili kasorobo asubuhi, Generose Nduwimana anafungua kufuli la chumba chake cha kazi katika mtaa wa Rugenge, mjini Uvira, mashariki ya Kongo. Mteja wa kwanza amekwisha kukaa kwenye kizingiti. Ni mwalimu wa shule ya msingi, Jean-Berchmans, na mapajani amepakata kitu kilichofungwa kwenye kitenge kwa mafundo mawili, kama mtoto mwenye homa.

Kitu hicho ni kompyuta. Generose hamuulizi imefanya nini.

"Ililala wapi?" Hilo ndilo swali lake.

"Mu sako." Ndani ya begi.

"Na nani?"

"Na nguo, na blanketi ya batoto. Tulisikia masasi upande wa milima, nikafunga mufuniko, nikatia mu sako, tukakimbia."

"Sasa weye, Mwalimu, bakikutia mu sako na blanketi juu, kesho utaamuka na akili?"

Mwalimu anacheka mpaka anapangusa macho. Generose anafungua mafundo, anaweka kiganja kwenye tumbo la mashine, anakiondoa haraka. Ni moto. Mwalimu ananyoosha kidole kuelekea kitufe cha kuwashia.

"Acha! Usiikamate. Kwanza ipumue."

Anailaza ubavu juu ya vipande viwili vya mbao, hewa ipite chini. Kisha anachukua ufagio na kufagia chumba, kana kwamba mteja hayupo.

Uvira ina namna yake ya kulala. Tangu vita vya kwanza, watu wengi hapa hulala na nguo mwilini, viatu mlangoni, na begi limefungwa. Kompyuta nazo zimefuata desturi hiyo. Ni wachache sana wanaozizima. Mtu anashusha kifuniko kazi ikiwa katikati, ili popote atakapofika, Bujumbura au Makobola, akifungua aikute kazi yake pale pale alipoiacha.

Shida ni kwamba mashine iliyolala hivyo haijafa. Inashtuka ndani ya begi, inajaribu kuamka, inakosa hewa, inachemka. Ikifunguliwa baada ya siku tatu, kioo ni cheusi huku feni inanguruma, au herufi hazibonyezeki, au sauti imepotea. Kwa hesabu ya Generose, kati ya mashine kumi zinazoingia kwake, saba zina ugonjwa huo huo: zimeamka vibaya.

"Mashini inafanana na mwenyewe," anasema. "Muntu wa Uvira hazime kitu. Anafunika tu."

Generose ana miaka thelathini na saba na watoto watatu. Siku nzuri anaingiza faranga elfu kumi na tano za Kongo. Siku mbaya analipwa ndagala, dagaa za ziwani, na anazipokea. Si mtu wa maneno laini. Ukimletea mashine ambayo jirani yako amekwisha kuifungua kwa kisu cha jikoni, atakuambia uirudishe kwa jirani akaimalize. Lakini foleni ya mlangoni kwake haipungui, na watu wanajua sababu.

Amezaliwa Luberizi, kwenye uwanda wa Ruzizi, katika familia ya walimaji wa mpunga. Baba yake alilima kama wengine, lakini pia alikuwa fundi wa cherehani, wa pekee kwa vijiji kadhaa. Mwaka 1996, vita vilipoanza, Generose alikuwa na miaka minane. Walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, baba akiwa amejitwika kichwa cha cherehani huku wengine wakijitwika magodoro.

"Mama alikasirika kabisa," anakumbuka. "Alisema, 'Tutalala juu ya chuma?' Lakini kile chuma njo kilitulisha." Kwa Kiswahili cha Uvira, "njo" ni "ndiyo".

Kutoka kwa baba yake alijifunza kitu kimoja ambacho anakitumia mpaka leo. Mteja akileta cherehani inayokata nyuzi, baba hakuifungua. Alimwambia mwenyewe akae, ashone. Baba alikaa pembeni akitazama miguu. Mara nyingi cherehani ilikuwa nzima, ni mguu uliokuwa ukikanyaga vibaya.

Kompyuta alizijulia Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, alikoajiriwa kupiga deki kwenye chumba cha intaneti. Mwenye chumba alikuwa mvivu wa kuinama chini ya meza. Akamtuma Generose kuchomeka waya, kisha kubadilisha waya, kisha kufungua mashine. Miaka minne baadaye alirudi Uvira na bisibisi zake kwenye kopo la maziwa ya unga.

Kazi iliyofanya jina lake lijulikane hata Kavimvira, mpakani na Burundi, ilimkuta mwaka huu, mapigano yaliposhuka tena kwenye uwanda.

Kuna redio ndogo ya mtaa mjini Uvira. Komite yake imeomba jina lisitajwe, kwa usalama. Redio hiyo ina kompyuta moja tu. Watu wa uwandani walipoanza kumiminika mjini, na wa Bijombo wakishuka kutoka milimani, redio ilianzisha kipindi cha kutafutana. Mchana, aliyepotelewa anakuja kurekodi kwa sauti yake mwenyewe: jina lake, anakotoka, anayemtafuta. Saa kumi na moja jioni mtangazaji, Octave, mwanamume wa makamo mwenye sauti nzito, anazicheza sauti hizo moja baada ya nyingine kutoka kwenye kompyuta.

Mji mzima ulikuwa ukinyamaza saa hiyo. Wauza mikeke, wale samaki wa ziwani, waliacha kuita wateja.

Kisha kompyuta ikaanza kulala. Katikati ya sauti ya mtu, kioo kinazimika na redio inabaki kimya. Octave anabonyeza, mashine inaamka, inalala tena. Ikikubali kuamka kabisa, inaamka bubu, haitoi sauti mpaka izimwe na kuwashwa upya. Hapo nusu ya kipindi imekwenda.

Kimya cha redio wakati wa vita si kimya cha kawaida. Watu wa uwandani walisema majina yao ndiyo yanayokatwa. Watu wa milimani walisema hapana, ni ya kwao. Kila upande ulihesabu yake tu. Neno likatembea sokoni kwamba Octave amelipwa kuficha watu. Siku moja jioni vijana walisimama getini na mawe mikononi.

Michée, mkulima wa Bijombo aliyekimbilia mjini na ambaye ni mwenyekiti wa komite ya redio, alimwita Generose.

"Dada, tunaomba uiponye," alimwambia. "Ikikatika tena, tutafunga kipindi. Na Papa Octave ataenda kwake. Siko na namna ingine. Sitaki batuchomee nyumba sababu ya mashini."

Aliyeumia kuliko wote hakuwa Octave. Ni Niyonsaba, mama wa Luberizi, aliyepoteana na binti yake Dorine, mwenye miaka kumi, barabarani walipokuwa wakikimbia. Mara mbili tangazo lake lilichezwa. Mara zote mbili lilikatika baada ya maneno "natafuta mutoto wangu". Uvira nzima ilijua kuna mama anatafuta mtoto. Hakuna aliyejua mtoto gani.

Na redio hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ikipokea matangazo hayo bila malipo. Kipindi kikifungwa, Niyonsaba hakuwa na mahali pengine pa kulia.

Generose aliibeba kompyuta mpaka Rugenge. Akaitazama asubuhi mpaka mchana. Ililala alipoilaza, ikaamka alipoiamsha. Sauti tu ndiyo ilipotea baada ya kuamka, na hiyo aliipatia dawa. Kisanduku kidogo cha nje kinachochomekwa kwenye kompyuta kutoa sauti kilikuwa kinakatiwa umeme mashine ikilala, na mashine ikiamka haikikumbuki. Akabadilisha mpangilio, umeme ukabaki hapo. Akairudisha studio akijigamba.

"Nilimuambia Michée, 'Papa, hata ukitaka ilale, itakukatalia.'"

Jioni hiyo ikalala hewani.

Akaichukua tena. Akabadilisha waya wa umeme, akatoa batri, akafuta vumbi, akaondoa kila amri inayoiambia mashine ilale ikikaa bila kuguswa. Kule Rugenge ikafanya kazi siku nzima bila hata kupepesa. Studio, ikalala.

Mara ya tatu hakuwa na cha kubadilisha. Sokoni walianza kumtia na yeye kwenye hadithi: Generose ni mtu wa Luberizi, labda anaiharibu makusudi ili watu fulani wasipatikane. Mwanamke mmoja alikataa kumuuzia muhogo.

"Nilikuwa najiuliza, mbona kwangu iko mutoto mwema, na kule iko mwizi?" anasimulia. "Bengine banasema ni pepo. Minye nikasema, pepo gani anajua saa kumi na moja?"

Hapo ndipo alipomkumbuka baba yake na miguu ya washonaji. Alikuwa ameitazama mashine siku zote hizo. Hakuwa amemtazama Octave hata mara moja.

Studio yenyewe ilikuwa imehama. Zamani ilikuwa chumba cha mbele chenye meza ndefu na dirisha linalotazama milima. Risasi ilipopasua kioo cha dirisha hilo, kabla tu ya kompyuta kuanza kulala, waliisogeza nyuma, kwenye stoo ya mifuko ya saruji, juu ya meza isiyozidi upana wa ubao wa kukatia mboga. Kompyuta, maikrofoni, kikombe cha chai na redio ndogo ya mkononi vyote vilibanana hapo.

Redio hiyo ya mkononi ni chombo cha kazi. Octave huweka kisikilizio chake sikioni ili ajue kama matangazo yanatoka kweli au yanabaki chumbani. Wakati wa vita, mtambo ukiyumba, huivuta karibu na kuizungusha aipate sauti vizuri.

Jioni hiyo Generose aliketi juu ya mfuko wa saruji, nyuma ya Octave. Michée alisimama mlangoni. Niyonsaba naye alikuwepo, uani, ameegemea ukuta, kwa sababu tangazo lake lilikuwa limepangwa tena.

"Dada, utaangalia nini?" Octave aliuliza. "Mashini iko mbele, weye uko nyuma."

"Nataka kuangalia mikono yako, Papa."

"Mikono yangu ni mizuri kabisa. Hata bibi yangu anasema."

"Bibi yako hajaiona ku kazi."

Kipindi kilianza. Sauti ya kwanza ikapita salama, mzee wa Sange anayewatafuta wajukuu. Ya pili ikapita. Kisha ikaja sauti ya Niyonsaba: "Minye naitwa Niyonsaba, wa Luberizi. Natafuta mutoto wangu..."

Octave alikunja uso. Kisikilizioni kulikuwa na mkwaruzo. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye ile redio ndogo, ukaivuta, ukaiweka mahali pekee palipokuwa na nafasi, kwenye pembe ya kompyuta, kando ya herufi.

Kioo kikazimika.

Uani, Niyonsaba alitoa sauti ambayo Michée anasema hataki kuisikia tena. Octave alipiga meza. Generose alikuwa amekwisha kusimama.

"Papa Octave, ondosha hiyo redio!"

"Redio imefanya nini? Mashini njo imelala!"

"Ondosha, nakuambia! Iko namulalisha mashini!"

"Redio inalalisha mashini? Dada, uko mugonjwa?"

Generose aliinyakua. Akabonyeza kitufe, kompyuta ikaamka. Akasogeza redio kwenye pembe ile ile. Kioo giza. Akaiondoa, akabonyeza, mwanga. Akairudisha. Giza.

Maelezo yake ni rahisi. Kwenye ukingo wa kifuniko cha kompyuta kuna kipande kidogo cha sumaku. Kwenye pembe ya upande wa herufi kuna kitu kinachoisikia sumaku hiyo. Vikikutana, mashine inajua imefungwa, inalala. Na ndani ya kila redio, nyuma ya spika, kuna sumaku kubwa zaidi. Octave alipoiweka redio pale, kompyuta iliamini kifuniko kimeshuka. Akiiamsha mashine huku redio ikiwa bado hapo, inaamini kimeshuka tena.

"Minye mwenyewe nilishindwa," anasema Generose. "Mufuniko uko wazi, unaona kwa macho. Nani atafikiri habari ya kufunga?"

Octave aliitazama redio mikononi mwa Generose kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyeng'ata jirani.

"Sasa ni minye," alisema polepole. "Siku zote hizi ni minye njo nilikuwa nakata ile bantu."

"Ni weye, Papa. Ulikuwa unataka kusikia vizuri kama tunasikika, njo unatunyamazisha."

Hapo Michée akaanza kupunga mikono yote miwili mlangoni. Hakuna aliyemwelewa mpaka alipoonyesha maikrofoni. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Maikrofoni haipiti kwenye kompyuta. Kompyuta ilipozimika, Octave alikuwa amewasha maikrofoni ili aombe radhi kama kawaida yake, kisha akasahau.

Ugomvi wote ulikuwa umesikika hewani. Redio, mashini, mugonjwa, yote. Mulongwe imesikia, Kavimvira imesikia, vijana wa mawe nao wamesikia.

Wanaoikumbuka jioni hiyo wanasema kicheko kilianzia mitaa ya chini, karibu na ziwa, kikapanda. Muuza mikeke mmoja alishika redio yake, akaitenga mbali na simu yake, akaiambia, "Na weye ukae kule!" Watu waliokuwa wakisema Octave amelipwa walicheka pamoja na wengine. Hakuna anayelipwa kwa upumbavu wa namna hiyo.

Octave alisogea kwenye maikrofoni. "Basikilizaji," alisema, "mumesikia. Mutusamehe. Tunaanza tena, na hii redio iko inje."

Generose aliiambia kompyuta kwamba kuanzia sasa hata kifuniko kikishuka, isilale. Kisha akasimama katikati ya Octave na meza, mikono kiunoni, kama mlinzi wa benki.

Sauti ya Niyonsaba ilipita yote: "...natafuta mutoto wangu, Dorine, iko na miaka kumi, iko na kovu juu ya jicho ya kuume, alivaa robe, gauni ya kijani. Kama umemuona, umuambie mama iko Uvira, mu Rugenge, kwa kanisa. Umuambie siko na kasirani kwa ile pipa ndogo ya maji alipoteza."

Kesho yake asubuhi simu ilipigwa redioni kutoka Makobola. Mwanamume alisema ana mtoto wa kovu nyumbani kwake, mtoto ambaye tangu afike hajataja jina lake kwa mtu. Mtoto aliposikia habari ya pipa kwenye redio, alilia, akasema, "Ni mama."

Niyonsaba alisafiri siku hiyo hiyo. Wamerudi wawili, wanaishi pale kanisani. Hana kitu cha kumpa fundi. Kila Jumamosi anakuja kufagia mbele ya chumba cha Rugenge, na Generose, ambaye hapendi kushukuriwa, anajifanya hamwoni.

Kipindi hakikufungwa. Octave bado anatangaza. Redio yake ya mkononi sasa inakaa dirishani uani, kisikilizio kimeungwa waya mrefu. Anasema mtaani watoto wanamwita "Papa Sumaku", na amekubali, maana kuna majina mabaya zaidi ambayo nusura aitwe.

Kwa Generose kazi haijaisha. Mapigano yakisogea, matangazo yanaongezeka. Komite inasema yanayosubiri zamu sasa yamepita arobaini. Kompyuta ni ile ile moja, na imechoka. Siku ikifa kweli, hakutakuwa na mkono wa mtu wa kulaumu, wala redio ya kuondoa.

Kwa hiyo, wateja wakipungua mchana, anafanya kazi ambayo hakuna anayemlipa. Chini ya meza yake kuna mashine sita zilizokufa, zilizoachwa na watu waliokimbia wasirudi kuzichukua. Alingoja mwaka mzima kabla ya kuzigusa. Sasa anachukua kioo cha moja, feni ya nyingine, herufi za ya tatu, anaunga kompyuta moja kwa ajili ya redio.

"Nataka zikuwe mbili," anasema huku akipuliza vumbi kwenye tundu la skrubu. "Moja ikisinzia, ingine iseme. Bantu basikatwe tena."

Anaulizwa kwa nini asimwachie kazi hiyo Michée na komite yake, waombe msaada kwa mashirika.

Anaweka bisibisi mezani. Kisha anasema kwamba siku ile ya kuvuka Ruzizi walikuwa watoto wawili. Kaka yake, Ngendakumana, alikuwa na miaka kumi na miwili, amebeba sufuria. Wengine walipanda mtumbwi, yeye akaambiwa angoje wa pili. Mtumbwi wa pili haukuja.

"Nimetengeneza mashini ya kuita batoto ya bengine," anasema, "na ya kwetu hatujamuita. Baba alisema tusiite, tusije tukajibiwa na kimya. Baba amekufa sasa."

Anachomeka waya. Feni ya ile mashine ya viraka inazunguka mara mbili, inasita, inazunguka tena. Generose anaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ikitembea hii," anasema, "njo siku nitaingia mu studio. Jina lake nitalisema la kwanza kabisa."